Chumvi ikila chasisi, gari linabaki lipi?

Mwaka 1948, tarehe 30 Aprili, kampuni ya Rover ya Uingereza ilipeleka kwenye maonyesho ya Amsterdam gari jipya la shamba, ikaliita Land Rover. Mwaka huohuo Mtwara, kusini mwa Tanganyika, ilikuwa inaanza kujengewa bandari ya kina kirefu, ili karanga za mradi wa kilimo wa Nachingwea zipate pa kutokea. Mradi wa karanga ulivunjika 1951. Reli iliyojengwa kwa ajili yake ikang'olewa miaka ya 1960. Watu wa Kusini wakaachiwa bandari, mchanga na barabara za udongo, na katika barabara hizo Land Rover ikapata kwao. Ile ndefu, iitwayo 109, ndiyo iliyopendwa zaidi: inapakia abiria, magunia ya korosho na madumu ya maji, inapandisha Newala na Tandahimba, inashuka mpaka mchanga wa Msimbati karibu na mdomo wa Ruvuma.

Leo Land Rover kuukuu ni mali. Mwaka 2016 watengenezaji wenyewe walianza kutafuta Series I, yaani toleo la kwanza, zilizochakaa, kuzifufua na kuziuza upya. Wanunuzi wa magari ya kale, Ulaya na kwingineko, huuliza kwanza swali moja: ni halisi? Injini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani? Chasisi je? Rangi? Nikitazama historia ya magari ya pwani yetu, naona swali hilo limekatwa kwa kipimo cha nchi nyingine.

Tuanze na chuma. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilitolewa kwa mgao Uingereza. Chasisi iliyo chini yake ni ya chuma. Pwani ya Mtwara na Mikindani, kwenye upepo wa bahari na mashamba ya chumvi, bodi hudumu, ila chasisi huliwa kutokea ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Fundi huchomelea kiraka, kisha kiraka juu ya kiraka, na mwisho hutafuta chasisi nyingine. Barabara za bara nazo humaliza springi na giaboksi. Injini ya petroli ya lita 2.25 ikifa, na spea za Kiingereza zikiwa ghali au hazipatikani, inaingizwa dizeli ya Kijapani. Gari linarudi barabarani Jumatatu, na kazi inaendelea.

Sasa peleka gari hilo Uingereza. Kwa miaka mingi mamlaka ya leseni za magari ya huko ilitumia mfumo wa alama: gari lililojengwa upya lilihitaji alama 8 ili kubaki na namba yake ya usajili. Chasisi ya asili ilipewa alama 5. Springi, ekseli, giaboksi na usukani alama 2 kila kimoja. Injini alama 1 tu. Kwa hiyo kitu kilichobeba zaidi ya nusu ya alama zilizohitajika ndicho bahari yetu inachokula kwanza. Gari lililofanya kazi miaka 50 bila kulala lingeweza kushindwa mtihani ambao gari lililofungiwa bandani lingeufaulu bila jasho.

Mahakama ya London iliwahi kulifikiria jambo hili kwa undani zaidi. Mwaka 1990 mnunuzi alikataa kulipa pauni milioni 10 alizokubali kununulia Bentley iitwayo Old Number One, iliyoshinda Le Mans 1929 na 1930 ikiendeshwa na Woolf Barnato na wenzake. Hoja yake: gari hilo lilikuwa limebadilishwa mno. Ni kweli, lilijengwa upya kwa ajili ya mashindano, likawekewa injini kubwa zaidi, na mwaka 1932 likapata ajali Brooklands iliyomuua dereva Clive Dunfee. Jaji Otton aliona kwamba vifaa vya 1929 vilivyobaki ni vichache sana, hivyo haliwezi kusemwa ni lilelile kama lilivyotoka kiwandani. Hata hivyo aliamua kuwa ni Old Number One ya kweli, kwa kuwa historia yake haikukatika hata mara moja, na hakuna gari jingine linaloweza kudai jina hilo. Mnunuzi akashindwa.

Nauona uamuzi huo kuwa wa haki, na unatufaa sisi kuliko ulivyowafaa wenye Bentley. Nasi tuna mfano mkubwa zaidi wa kitu kubadilika bila kupoteza ukweli wake. Mradi wa karanga ulipokosa matrekta, kampuni ya Vickers iligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Mtu akikuta moja leo, akalirudishia mzinga ili liwe kifaru "halisi", atakuwa amefuta sababu iliyolifanya lifike Tanganyika.

Udanganyifu ninaouchukia ni mwingine. Namba ya chasisi ya 109 imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele kulia, karibu na springi. Lakini kibati cha namba ndani ya gari kimeshikwa kwa skrubu tu. Kibati kikihamishwa kwenda gari jingine, mnunuzi anauziwa maisha ambayo gari hilo halikuyaishi. Huo ni wizi. Kubadilisha injini, kuandikisha mabadiliko hayo Mamlaka ya Mapato (TRA) ili kadi ya gari isomeke sawa na chuma, kisha kumwambia mnunuzi kila kilichobadilishwa na aliyekibadilisha, hiyo ni biashara safi, na kwangu karatasi hiyo ya mafundi ina thamani kuliko rangi mpya ya kijani.

Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yanahifadhi magari ya viongozi, ikiwemo Rolls-Royce. Yanatunzwa kwa sababu ya waliokaa kiti cha nyuma. Ningependa pembeni yake iwekwe 109 moja ya Newala, na isifanyiwe matengenezo ya kuirudisha 1965: ibaki na dizeli yake ya Kijapani, viraka vyake vya kuchomelea na benchi za mbao za abiria, na ubaoni yaandikwe majina ya mafundi walioishughulikia.