Asili ya Neno la Kufungia Maji Ndani ya Nyama

Twataka kusimulia habari za neno moja la jikoni lililoaminiwa Ulaya kwa miaka themanini na zaidi, na hata sasa wako wapishi wengi walishikao. Neno lenyewe ni hili: ya kwamba nyama ikichomwa kwanza kwa moto mkali, upande wa nje hufunga, na maji yake hayawezi kutoka tena.

Apatae hasara zaidi kwa neno hilo ni yule aokaye sarara nzima. Kila ng'ombe anazo mbili tu, zimelala ndani chini ya uti wa mgongo. Na kwa kuwa msuli huo haufanyi kazi nzito kama ule wa mguu au wa shingo, nyama yake ni laini kupita zote. Lakini haina mafuta mengi, basi moto ukizidi hukauka mara moja. Na bei yake si ya kuchezea.

Hapo kale huko Uingereza nyama nzima ilitungwa katika chuma kirefu mbele ya moto, ikazungushwa polepole. Katika nyumba nyingine kazi hiyo ilifanywa na mbwa mdogo mwenye miguu mifupi, aliyekimbia ndani ya gurudumu lililotundikwa ukutani. Twadhani aliijua harufu ya nyama kuliko ladha yake. Wapishi wa zamani hizo waliiweka nyama mbali kidogo na moto hata ikakaribia kuiva, ndipo wakaisogeza karibu ipate rangi.

Desturi hiyo iligeuzwa na mtu ambaye hakuwa mpishi. Justus von Liebig, Mjerumani, alikuwa bingwa wa elimu ya kemia, na mwaka 1847 alitoa kitabu juu ya nyama. Alishika ya kuwa sehemu bora ya chakula imo katika maji ya nyama, akafikiri kwamba joto kali huigandisha nyama ya nje kama ute wa yai ugandavyo, ikawa kama ukuta. Jina lake lilikuwa kubwa mno, na waandishi wa vitabu vya upishi wakalipokea neno lake. Hata Escoffier, mpishi mashuhuri wa Ufaransa, aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1903. Basi utaratibu ukapinduliwa: moto mkali ukawa wa kwanza.

Jawabu lilitoka katika mizani. Mwaka 1930, katika Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, vipande vya nyama vilivyochomwa kwanza na visivyochomwa vilipimwa uzito. Vile vilivyochomwa vilipoteza maji sawasawa na vingine, au kuzidi kidogo. Wala haikuhitaji mtaalamu. Ile sauti ya kuchachatika katika kikaango ni maji ya nyama yatokayo na kugeuka mvuke, na wapishi waliisikia kila siku.

Kiwango cha joto kifikacho katikati ndicho kiamuacho. Likipita digrii 60 za Sentigredi, nyuzinyuzi za nyama hujikaza na kuyakamua maji yake kama nguo inayokamuliwa. Ile rangi ya kahawia ya nje huleta harufu na ladha tu. Maillard, Mfaransa, aliandika mwaka 1912 juu ya badiliko liletalo rangi hiyo.

Kwa hiyo mwenye sarara nzima nyumbani na aikunje ncha yake nyembamba, aifunge kwa uzi ili unene uwe sawa, aitie chumvi, kisha aioke katika joko la digrii 120 hivi. Kipimo cha joto kichomekwe katikati: kikifika digrii 52, nyama itakuwa nyekundu ndani, apendaye iliyoiva zaidi angoje 60. Ndipo aigeuzegeuze katika kikaango cha moto sana kwa dakika chache, ipate rangi mwisho, kama walivyofanya wale wa chuma kirefu.