Korongo wa Ruma na nyasi anazozihitaji

MAGHARIBI mwa Ogembo, nyanda za juu za Gusii zinapoteremka kuelekea Ziwa Victoria, lipo Bonde la Lambwe. Humo, katika Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, ndimo makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya; si yule ndege mwenye miguu mirefu, bali swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu 15 pekee.

Mnyama huyu ni mchaguzi. Hupenda mbuga za nyasi ndefu na miti michache, karibu na maji, mbali na makundi makubwa ya walaji nyasi wengine. Mama humficha ndama nyasini kwa wiki kadhaa. Moto ukiteketeza bonde zima, maficho hayo hutoweka. Lakini pasipochomwa kabisa, nyasi hukomaa zikawa ngumu na vichaka huvamia.

Kumhamisha tu hakutoshi. Miaka ya 1970 korongo walipelekwa Milima ya Shimba, Kwale, kutoka vilima vya Ithanga, huko wametoweka. Kule Kruger, Afrika Kusini, maji ya visima yaliwavuta punda milia, nao wakavutia simba. Korongo wapatao 450 mwaka 1986 wakabaki 45 mwaka 1993. Ruma adui mkubwa ni mtego wa waya wa mwindaji haramu.