Dondoo na Chanzo Chake

Dondoo huaminika kuliko maelezo, kwa kuwa msomaji hudhani amekutana na chanzo chenyewe. Lakini dondoo ni kipande kilichokatwa na mkono wa mtu. Mfano tunao hapa hapa mpakani.

Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo. Ibara ya I ilitaja mpaka wa kusini wa himaya ya Wajerumani: ufuate ukingo wa Ziwa Nyasa hadi mlango wa Mto Songwe, upande na mto huo, kisha ukate nchi kavu hadi Ziwa Tanganyika. Mwanafunzi wa Tunduma akipewa maneno ya mto peke yake, aweza kuukosea mto wenyewe. Maana Songwe iko miwili, mmoja humwaga maji Nyasa, mwingine Rukwa.

Hatari kubwa zaidi ni kuacha yaliyo jirani. Ibara ya VI ya mkataba huo huo inaruhusu mistari ya ibara zilizotangulia irekebishwe kwa makubaliano, kulingana na mahitaji ya mahali. Na kweli, tume ya mataifa hayo mawili iliupima mpaka wa nchi kavu mwaka 1898, na makubaliano mapya yakafuata mwaka 1901. Mpaka upitao Tunduma umetokana na kazi hiyo.

Sasa tazama mgogoro wa ziwa baina ya Tanzania na Malawi, ulioibuka mwaka 1967 na kupamba moto tena mwaka 2012. Asomaye Ibara ya I peke yake huona shauri limekwisha: maji yote ni ya upande mmoja. Asomaye Ibara ya VI peke yake huona mlango uko wazi, akasahau kwamba ibara hiyo yadai makubaliano, na kwamba yafaa kuuliza kama juu ya ziwa yalifikiwa. Riziki ya wavuvi imo katika swali hilo.

Wataalamu wa kompyuta nao wamelishughulikia jambo hili. Mwaka 1984 Profesa Donald Knuth wa Marekani alieleza mfumo wake ambamo faili moja hutoa programu na pia maelezo ya kusomwa na watu. Siku hizi mashine huweza kuunda kitabu cha maelezo ikichota dondoo kutoka faili lenyewe la programu; faili likibadilika, kitabu kikiundwa upya hubadilika nalo. Ni msaada mkubwa, kwani dondoo haichakai. Hata hivyo, mistari ipi ichotwe na ipi iachwe, huamua mtu.

Ndiyo sababu chuoni niliwataka walimu wanafunzi waandike mambo mawili chini ya kila dondoo: imetoka ibara ipi, na ibara ipi imeachwa.