Mchezeshaji

Malori yakipanga foleni Tunduma kuvukia Nakonde, karata hutoka mifukoni. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kilikuja kufupisha kusubiri; kukumaliza ni habari nyingine. Madereva wanne wakicheza kando ya tela, ugawaji huzunguka: aliyegawa sasa atagawiwa baadaye. Mtu wa karata tatu pale stendi hagawiwi kamwe. Yeye huchezesha.

Kasino ilizaliwa katika tofauti hiyo. Karata zimetufikia pwani zikiwa na majina ya Kireno: kopa, uru, shupaza, pau, hata turufu. Ulaya nako watu walikuwa wakikaa meza moja na kupokezana kugawa. Mwaka 1638 serikali ya Venice ikafungua Ridotto, nyumba ya kamari yenye kibali. Humo ugawaji wa mchezo wa basetta ulikuwa kazi maalumu ya makabaila, wengi wao waliofilisika, na mgeni alicheza dhidi yao tu.

Kwa nini mtu akubali kulipa kila anayeshinda? Itazame faro, iliyovuma Ufaransa baada ya basetta. Mchezeshaji hufunua karata mbili. Ya kwanza humpa yeye dau lililowekwa kwenye namba hiyo. Ya pili humlipa mchezaji. Hadi hapo mizani iko sawa. Lakini zikitoka mbili za namba moja, mchezeshaji huchukua nusu ya dau. Haitokei mara nyingi, na haina haja ya kutokea mara nyingi: yeye yupo mezani usiku kucha, wewe una nauli ya kurudi Vwawa.

Wazungu walimwita mtu huyo kwa neno la benki, maana fedha za kulipia ni zake. Kwetu neno hilo lingempeleka msomaji kwenye foleni ya mshahara. Lugha rasmi ya michezo ya kubahatisha hupenda "mwendeshaji", neno linalomtosha hata mtu wa bodaboda. Nachagua mchezeshaji: linasema wazi kwamba wengine ndio wanaocheza.

Linawafaa wote wawili, ingawa silaha zao hazifanani. Wa kasino ana hesabu. Wa stendi ana vidole, na yule abiria aliyeshinda kabla yako ni mwenzake.