Usiku wa S90: Kisa cha Bandari ya Tsingtao

Kati ya vyombo vya vita vya Wajerumani vilivyokuwa pwani ya China mwaka 1914, S90 hakikuwa cha kutisha. Kilikuwa kimeshushwa majini mwaka 1899, uzito wake ulikuwa tani zipatazo 400 tu, na silaha yake kuu ilikuwa topido, yaani kombora liendalo chini ya maji kwa mtambo wake lenyewe hadi lipasue ubavu wa meli.

Kituo chake kilikuwa Tsingtao, bandari ambayo Ujerumani iliilazimisha China kuikodisha kwa miaka 99 tangu mwaka 1898. Manowari kubwa za Admeri von Spee zilikuwa zimekwenda zao Pasifiki. Tarehe 23 Agosti 1914 Japani, rafiki wa Uingereza, ilitangaza vita, kisha ikaizingira bandari hiyo kwa bahari na nchi kavu.

Usiku wa tarehe 17 Oktoba, Kapteni Brunner alikitoa S90 bandarini gizani, akaupenya ulinzi wa Wajapani. Usiku wa manane ulipokwisha kupita aliikuta manowari Takachiho. Hiyo ilikuwa meli kongwe, iliyoundwa Uingereza, na mwaka 1894 ilikuwa imepigana na hao hao Wachina katika vita vya Yalu. Usiku ule ilikuwa imesheheni mabomu ya kutegwa baharini. Topido zilipoifikia, shehena yote ililipuka. Watu 271 walikufa. Waliookoka ni wachache mno.

Kurudi hakukuwezekana tena. Brunner alikipandisha chombo chake ufukoni, pwani ya Shantung, akakilipua kwa mkono wake. Mabaharia wakazuiliwa Nanking na serikali ya China, ambayo haikuwa na upande katika vita hivyo.

Wapo wanaolitaja tendo hilo kuwa ni ushujaa. Ushujaa ulikuwapo, siukatai. Lakini bandari iliendelea kuzingirwa vile vile, na tarehe 7 Novemba 1914 ikasalimu amri. Mimi namfikiria zaidi mwenye nyumba, ambaye wageni wawili walipigana sebuleni mwake bila kumbisha hodi. Vita vilipokwisha, wakubwa waliokutana Versailles mwaka 1919 waliipa Japani haki za Wajerumani katika Shantung. Tarehe 4 Mei mwaka huo wanafunzi wa Peking wakajaa barabarani kwa hasira. Tsingtao haikurudi mikononi mwa China hadi mwaka 1922.