Nani Alienda Kuangalia Stoo?

Makomredi wa uhasibu, hii ni yenu. Na wewe ambaye hujui debiti wala krediti, usihepe, juu pesa inayopotea mwishoni huwa ni yako.

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini kitu kimoja nilikiona: ukaguzi wa hesabu unafunzwa kama orodha ya kukariri. Mkaguzi ashuhudie stoki ikihesabiwa. Mkaguzi awaandikie wadaiwa barua. Unaziandika kwa mtihani, unazisahau. Hakuna mtu anakuambia hizo sentensi mbili zilitoka wapi. Zilitoka kwa wizi.

Turudi Uingereza, 1896. Kiwanda cha pamba, Kingston Cotton Mill, kilikuwa kimeanguka. Meneja wake alikuwa anaongeza thamani ya stoki mwaka baada ya mwaka ndio kampuni ionekane inapata faida. Wakaguzi waliona cheti chake, wakakiamini, wakaweka sahihi. Mahakama ya Rufaa ikasema hawana makosa: mkaguzi ni mbwa wa kulinda boma, si mbwa wa kunusa nyayo za mwizi. Kama hakuna kitu cha kumshtua, anaruhusiwa kumwamini mtu wa kampuni.

Mbwa akalala.

Ruka hadi 1938, Marekani. McKesson & Robbins ni kampuni kubwa ya dawa na mdosi wake anaitwa F. Donald Coster. Jina feki. Jina lake la ukweli ni Philip Musica, jamaa aliyewahi kwenda jela kwa utapeli, na ndugu zake watatu walikuwa ndani ya hiyo mpango, nao pia na majina ya kubuni. Wakatengeneza biashara hewa: maagizo, risiti, stoo za dawa huko Kanada. Karatasi zilikuwa safi kabisa. Dawa hazikuwepo. Kati ya mali ya dola milioni 87 iliyoandikwa kwa vitabu, karibu milioni 19 ilikuwa hewa.

Wakaguzi walikuwa Price Waterhouse, si watu wadogo. Walipitia karatasi, na kwa desturi ya wakati huo hiyo ilitosha. Aliyeanza kuuliza maswali magumu ni mweka hazina wa kampuni yenyewe, Julian Thompson. Musica akajipiga risasi Desemba 1938. Mwaka uliofuata wahasibu wa Marekani wakabadilisha kanuni: nenda stoo ushuhudie ikihesabiwa, halafu waulize wadaiwa wenyewe kama kweli wana deni.

Sasa unaelewa hizo sentensi mbili?

Sisi Wakenya neno "hewa" hatuhitaji kufafanuliwa. Wafanyakazi hewa, miradi hewa, tumezoea. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 229, inataka ripoti ya Mkaguzi Mkuu iseme kama pesa ya umma ilitumika kisheria na kama ilifanya kazi ya maana. Hilo huwezi kulijua ukikaa ofisini na mafaili. Lazima mtu aende akaone kama hiyo zahanati iko, na kama ina dawa.

Kwa hivyo komredi, kariri kama lazima, mtihani ni mtihani. Lakini siku utapewa ile karatasi uweke sahihi, na kila kitu kinaonekana kiko sawa, uliza swali moja tu: nani alienda kuangalia?