Panya wa Ghala na Vumbi Lake

Majirani zangu wengi hapa Buzuruga humhesabu panya kuwa hasara ya chakula tu. Gunia la mahindi likitobolewa, hununuliwa sumu, na shauri linakwisha. Historia ya ziwa letu inasema vingine.

Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa Kiziba, kaskazini ya Bukoba, walisumbuliwa na maradhi waliyoyaita rubunga. Mgonjwa alipata homa kali, akavimba mtoki, na aghalabu akafa. Mwaka 1898 Robert Koch, mtaalamu wa Kijerumani, alitangaza kwamba rubunga ni tauni, ile ile iliyokuwa ikiua watu Bombay na Hong Kong. Vitabu humpa Koch sifa ya ugunduzi huo. Mimi husema jina la Waziba lilitangulia darubini yake.

Mwaka huo huo Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, alionyesha kwamba kiroboto ndiye anayeitoa tauni kwa panya na kuipeleka kwa mtu. Hapo ndipo penye hatari ambayo muuza sumu haisemi. Panya akifa, viroboto wake hubaki na njaa, na mwenye nyumba yu karibu. Lushoto, ambako tauni ilizuka mwaka 1980 na kupata wagonjwa zaidi ya 7,000 katika miaka iliyofuata, utaratibu sahihi ni kuua viroboto kwanza, panya baadaye.

Virusi vya hanta havihitaji hata kiroboto. Jina lao limetokana na mto Hantan wa Korea, na Ho Wang Lee ndiye aliyevigundua katika panya wa huko mwaka 1976. Mkojo na mavi ya panya hukauka, ufagio huyatimua, mtu akavuta vumbi. Kwetu Tanzania virusi vya ukoo huo vimepatikana katika virukanjia wa milima ya Uluguru na Kilimanjaro. Huo si ushahidi kwamba watu wetu wanaugua, wala nisingependa mtu akimbie ghala lake kwa habari hiyo. Lakini mwaka 2022 kule Ruangwa, Lindi, homa ya Mgunda, ambayo huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwamo, iliua watu 3 kati ya wagonjwa 20. Panya ana njia nyingi.

Katika shule moja niliyofundisha nikiwa kijana, adhabu ya mchelewaji ilikuwa kufagia ghala la chakula. Watoto walitoka weupe kwa vumbi, sisi walimu tukacheka. Wataalamu wa leo wanaagiza kinyume kabisa: fungua milango na madirisha, ukae nje nusu saa, nyunyizia uchafu maji yenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, ngoja ulowe, kisha uufute kwa kitambaa, mikono ikiwa ndani ya glavu. Ufagio mkavu, hapana.

Nilipomweleza hayo mama mmoja auzaye nafaka jirani yangu, alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu, nikimwaga maji humu mahindi si yataota?"

Swali lake ni la haki, na mabango ya afya hayalijibu. Nilimwambia atangulie kutoa magunia, aloweshe sakafu, ikauke, ndipo ayarudishe juu ya chaga, mbali na ukuta. Aliniuliza nani atambebea magunia 40. Tukaita vijana wawili wa stendi, akawalipa.